Punda sio ng'ombe: maswali yenu ya punda na farasi

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za punda, na moja ya farasi. Nimefurahi kweli, maana miaka yote ukurasa huu unajaa ng'ombe, kuku na mbuzi, wakati hapa Tabora ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi wa kwanza kukutana naye barabarani kabla hata ya bodaboda ni punda na madumu yake. Kwa hiyo leo ni siku yao. Na nianze na jambo moja ambalo mtaliona linajirudia humu ndani mpaka mwisho: wengi wa punda ninaoitwa kuwaangalia wakiwa hoi hawakuumizwa na ukali wa mtu, wameumizwa na kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, iwe nira, iwe dawa, iwe kipimo cha dawa. Mwenye punda anampenda kabisa mnyama wake ila anamtunza kama ng'ombe mdogo asiye na pembe, na hapo ndo tunampoteza.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa Ipuli hapa Tabora mjini, nina punda wawili wanavuta mkokoteni wa maji, ndo wanaonisomeshea watoto. Mmoja tangu juzi jioni hataki kula, kasimama tu kainamisha kichwa, masikio yamelala pembeni, halali chini wala hagaragari. Kijana anayewaendesha anasema ni uvivu. Jirani kaniambia nimnyweshe magadi na soda kwa chupa. Nifanyeje?

Marahaba mama yangu. Kwanza chupa iweke chini. Punda na farasi hawawezi kutapika, na ukimwinua kichwa ukammiminia kitu kwa nguvu kinaenda kwenye mapafu, halafu unabaki na magonjwa mawili badala ya moja. Nimeshaona punda aliyekuwa na tumbo tu la kawaida akafa kwa mapafu siku ya tatu kwa sababu ya chupa ya soda.

Pili, huo sio uvivu. Farasi akiumwa tumbo utajua, anapiga chini kwa kwato, anajigeuza kutazama ubavu, anajitupa chini anagaragara, jasho linamtoka. Punda hafanyi hivo. Punda ananyamaza. Anasimama kona moja kama huyo wako, anaacha kula, macho yanakuwa kama hayaoni mbele, na watu wanampita wanasema leo kachoka. Punda akianza kugaragara kwa maumivu ujue ameshafika mbali sana, kwa hiyo usisubiri agaragare ndo uite mtu.

Ufanye hivi sasa hivi. Tazama ufizi wake, inua mdomo wa juu, unatakiwa uwe wa pinki na wenye unyevu, ukibonyeza na kidole pale panakuwa peupe halafu rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukiona mwekundu sana, au wa zambarau, au mkavu, hiyo ni dharura. Weka sikio lako ubavuni, nyuma ya mbavu, kulia na kushoto. Tumbo la punda mzima halinyamazi, utasikia linanguruma kama maji yanayotembea kwenye bomba, likikaa kimya dakika nzima pande zote mbili ni habari mbaya. Hesabu mapigo ya moyo, mkono uweke upande wa kushoto nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, punda mkubwa aliyetulia ana mapigo 36 mpaka 52 kwa dakika, ukipata 60 na kuendelea na hajatembea popote ana maumivu makali. Na uangalie mavi ya tangu jana, yapo mangapi, makavu au laini, yana ute?

Halafu joto, na hapa nisikilize vizuri maana hata wataalamu waliozoea ng'ombe wanakosea. Ng'ombe mzima akipimwa akakutwa na 38.5 ni sawasawa kabisa. Punda mkubwa mzima anakaa kati ya 36.5 na 37.8. Kwa hiyo mtu akimpima punda wako akapata 38.5 akakwambia hana homa, homa anayo.

Sababu inaweza kuwa meno, inaweza kuwa kula mchanga kwenye majani mafupi ya kiangazi, inaweza kuwa kapewa pumba kavu nyingi bila maji, na kwa punda wa mjini mara nyingi ni jalala. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini ile laini ya kufungia vitu bado ipo majalalani, na yenye chumvichumvi au mabaki ya chakula punda anaila yote, kamba za katani za magunia pia. Inajikusanya ndani inaziba.

Ila mama, kinachonifanya nikwambie usilale leo bila kumuita daktari wa mifugo ni hizo siku mbili za kutokula. Punda ana mwili uliozoea kula kidogokidogo mchana na usiku. Akiacha kula, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa fujo yanajaa kwenye damu, ini linashindwa, figo zinafuata. Waliowanda na wenye mimba ndo wanaangushwa haraka zaidi. Niliwahi kuitwa Isevya kwa punda aliyekuwa na siku ya nne hajala, nikavuta damu nikaiweka kwenye kichupa nikakisimamisha dirishani wakati namhudumia. Nilipogeuka kukitazama, pale juu ambapo panatakiwa pakae maji ya njano yanayopenya mwanga palikaa kitu cheupe kizito kama maziwa. Yale ni mafuta. Yule hakupona, na ugonjwa ulioanzisha yote ulikuwa jino lililovunjika tu, kitu cha kutibika.

Mpaka daktari afike mtoe kwenye kazi, maji safi yawepo, mpe vitu vya kumshawishi kidogokidogo, majani mabichi, karoti iliyokatwa kwa urefu, maganda ya ndizi, chochote anachokipenda, lakini pumba usimpe. Na tafadhali huyo mwenzake usimpeleke kazini ukamwacha mgonjwa peke yake. Punda waliozoea kuwa wawili ni kama ndugu, ukiwatenganisha mgonjwa anazidi kugoma kula na hata mzima anaweza kuanza. Najua siku moja bila mkokoteni ni hela ya kula imekosekana, nakuelewa kabisa, lakini bora kazi isimame siku 2 sasa kuliko punda wawili kupotea wiki ijayo.

SWALI: Doc mambo, niko Igunga, punda wangu ana kidonda juu ya mabega kila nikitibu kinarudi, nimeweka oili chafu, nimeweka unga wa betri, nimeweka majivu, kinakauka kidogo nikimfunga nira kinafumuka tena. Kuna dawa kali zaidi?

Poa mdogo wangu. Dawa kali zaidi haipo na hata ingekuwepo isingesaidia, maana kidonda chako hakiletwi na mdudu, kinaletwa na hiyo nira.

Mtazame ng'ombe kwa nyuma anavyovuta plau huko mbugani Wembere. Ana nundu, ana shingo nene iliyoshuka, anasukuma kwa nundu na nira inakaa pale kama imezaliwa naye. Sasa mtazame punda. Hana nundu. Pale juu ya mabega kuna mfupa umefunikwa na ngozi tu, shingo nyembamba imesimama, na nguvu yake ya kuvuta iko kifuani. Ukimfunga ile mti ya ng'ombe, uzito wote wa mkokoteni unasagia ngozi kwenye mfupa, na akishuka mteremko mti unampiga shingoni. Hata uweke dawa ya milioni, kesho asubuhi nira inakuja inabandua kigaga.

Anatakiwa mkanda wa kifua. Upana kama vidole vitano vya mkono wako, unapita mbele ya kifua juu kidogo ya pale mguu unapoanzia lakini chini ya koromeo asije akakabwa, unashikiliwa na mkanda mwingine unaopita juu ya mgongo ili usishuke, na kamba za kuvutia zinatoka pembeni kwenda kwenye mkokoteni. Mkanda wa siti za gari lililokufa ni mzuri sana, kwa fundi wa magari unaupata kwa bei ndogo, ukaushonea blanketi kuukuu upande wa ndani. Kamba ya nailoni tupu usiweke, inakata. Tairi lenye nyaya usiweke kabisa. Na blanketi lifuliwe, jasho likikauka linakuwa kama msasa.

Kidonda chenyewe sasa. Oili chafu na unga wa betri acha leo, vile vinaunguza nyama changa inayojaribu kuota, ndo maana unaona kama kimekauka, kumbe umekiunguza. Chemsha maji, yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, mwagia taratibu mpaka uchafu wote utoke, kausha na kitambaa safi. Halafu bahati yetu watu wa Tabora tuna kitu ambacho wengine wananunua ghali, asali. Asali safi iliyochujwa, isiyochanganywa na sukari guru, paka juu ya kidonda kilichosafishwa kila siku, inavuta maji kwenye kidonda na bakteria hawakai humo, hata madaktari wa farasi huko Ulaya wanaitumia. Nzi wakizidi funika na kitambaa chepesi. Ukiona kidonda kina tundu linalotoa usaha kila siku, au kinanuka, hapo asali haitoshi, mfupa unaweza kuwa umeguswa, muite bwana mifugo.

Na apumzike kuvuta mpaka ngozi ifunge. Wiki 3, wakati mwingine zaidi. Kama huna mwingine na lazima afanye kazi, angalau usimguse pale penye kidonda na chochote, mkanda wa kifua utakuruhusu hilo kwa sababu juu ya mabega hakukai kitu kizito.

Umeuliza pia mwisho wa meseji yako kuhusu mzigo wa mgongoni. Punda wetu wengi hawavuki kilo 150, na mgongoni usimzidishie theluthi moja ya uzito wake. Dumu mbili za lita 20 zikijaa ni kilo 40, hapo umeshakaribia kikomo, usimpandishe na mtoto juu yake. Kuna ule msemo wa afe punda mzigo ufike, mimi nimeuchukia tangu nikiwa mdogo. Punda akifa mzigo haufiki, unabaki pale porini na wewe unaubeba kichwani.

SWALI: Habari daktari, mimi nina shamba la tumbaku na mizinga ya nyuki Kaliua. Nataka kununua farasi kwa ajili ya kuzungukia shamba, kuna mtu wa Arusha anawauza. Watahimili huku? Magonjwa gani niyategemee?

Nzuri ndugu. Nitakwambia ukweli hata kama hautakufurahisha: Kaliua ni moja ya sehemu ngumu mno kufuga farasi.

Una misitu ya miombo, na penye miombo pana mbung'o, ndorobo wenyewe unawajua wanavyouma hata kupitia shati. Mbung'o anabeba vijidudu vya ugonjwa wa nagana, na jamii ya hao hao ndo wanaoleta malale kwa binadamu. Ng'ombe wa asili anaweza kuishi nao kwa muda, punda anajikongoja nao akikonda mwaka mzima, lakini farasi anaanguka. Homa inakuja inaondoka, anakula vizuri ila mbavu zinatoka, ufizi unakuwa mweupe kama karatasi, chini ya tumbo na miguuni kunavimba, mwisho nyuma kunalegea anayumba. Bila tiba ni kifo, wakati mwingine ndani ya wiki chache tu.

Dawa zipo lakini ni zilezile za ng'ombe, na hapa narudia wimbo wangu. Ule unga wa njano mnaochanganya na maji mkachoma ng'ombe wote zizini kwa makadirio ya macho, farasi na punda hawauvumilii kama ng'ombe, ukizidisha kidogo unamletea sumu kwenye neva, na ile nyingine ya kinga inamvimbisha vibaya pale ulipomchoma. Zinatolewa na daktari aliyempima uzito na aliyeangalia damu kwenye darubini kwanza. Hapa Tabora mjini kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, damu inaweza kupimwa, usichome kwa kubahatisha.

La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, hilo ndo jina lake. Huu unaletwa na visubi, vile vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyotoka jioni mpaka alfajiri, hasa mvua zikinyesha. Pundamilia anao na haumuui, punda wetu anaupata kidogo sana, farasi ambaye hajachanjwa mara nyingi anakufa. Kuna aina inayoshika mapafu, asubuhi anakula mchana ana homa kali jioni povu linatoka puani kwa ndoo, na wanaopata hiyo wanaopona ni wachache mno. Nyingine inashika moyo, utaona ule mbonyeo ulio juu ya jicho umejaa umevimba mpaka umetokeza nje. Tiba ya kuua kirusi hakuna. Kuna chanjo inatengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize huyo muuzaji farasi amechanjwa lini na karatasi iko wapi, na umuulize daktari wa wilaya kama utaipata ya kila mwaka. Halafu ujenge banda la kumfungia kabla jua halijazama, lenye wavu wa matundu madogo kabisa, chandarua cha kawaida visubi vinapita.

Hii habari sio mpya kwenye njia yetu hii ya kutoka pwani. Stanley, yule mwandishi wa habari, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja kumtafuta mmisionari Livingstone alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni tu mwa safari, pwani bado ipo karibu, na mmoja alipopasuliwa walikuta tumbo lina minyoo imeng'ang'ania. Alivyoingia Tabora mwezi wa 6 hakuwa na farasi hata mmoja. Katika karne ya 19 mizigo ya misafara ya kutoka pwani kuja Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, ilibebwa zaidi na vichwa vya watu, na sababu kubwa ni hiyo, wanyama wengi wa kubeba walikuwa hawafiki.

Ushauri wangu, nunua pikipiki kwa shamba la Kaliua. Kama moyo wako uko kwenye wanyama, na nimeona kwenye meseji yako kuwa uko, mlete punda wawili wazuri kutoka Nzega ambako msitu umeshapungua, na hata hao wapimwe damu kila baada ya miezi michache.

SWALI: Daktari, niko Nzega vijijini. Punda alikanyaga msumari kama wiki mbili zilizopita, tukautoa akapona. Sasa amekakamaa, mkia umesimama, mdomo haufunguki, akisikia kelele anashtuka mwili mzima. Wazee wanasema amepigwa na upepo.

Pole sana kaka. Wazee hawako mbali na jina lake, maana huo ni pepopunda, na lugha yetu imeuita hivo kwa sababu waliotutangulia waliona anavyomshika punda. Farasi na punda ni kati ya wanyama wanaoangushwa na pepopunda kwa urahisi kuliko wote, ng'ombe anaweza kukanyaga msumari uleule asipate kitu.

Uhakikishe hivi: simama naye kimya, mguse kidogo chini ya kidevu kama unamwinua kichwa, tazama jicho. Kile kingozi cha ndani kwenye kona ya jicho kitaruka kifunike nusu ya jicho kama pazia halafu kirudi. Ukikiona hicho, pamoja na masikio yaliyosimama wima na miguu iliyopanuka kama ya meza, huna haja ya kipimo kingine.

Muite daktari leo, sio kesho. Mweke sehemu ya giza, kimya kabisa, watoto na mbwa wasisogee, redio izimwe, chini mtandikie majani mengi laini asije akaanguka akashindwa kuinuka. Maji na chakula viinuliwe usawa wa kifua chake maana hawezi kuinama. Daktari atatafuta lile tundu la msumari alifungue alioshe, atampa penisilini, dawa ya kulegeza misuli, na dawa ya kuzima sumu kama inapatikana. Sitakudanganya, wengi wanakufa. Wanaoendelea kunywa maji wenyewe wakafika wiki moja bila kuanguka, hao wana nafasi.

Kwa wengine wote mnaosoma hapa, msumari au kijiti kikimwingia punda kwatoni msikitoe tu mkaridhika. Oshea kwa maji ya chumvi, loweka, na siku hiyohiyo mtafute daktari mumuulize chanjo ya pepopunda. Kidonda cha kwato kinaziba juu haraka na ndani hakuna hewa, na mdudu wa pepopunda anapenda pasipo na hewa. Na kwato zenyewe zikatwe kila baada ya wiki 6 mpaka 8 na anayejua kwato za punda, ambazo zinasimama wima kuliko za farasi na zina kina kirefu.

SWALI: Niliwapitisha punda wangu kwenye josho pamoja na ng'ombe, kupe wameisha lakini punda wawili hawajanya siku ya pili leo. Kuna uhusiano? (Kigwa, Uyui)

Upo, na tafadhali ukimaliza kusoma mpigie daktari. Josho na dawa nyingi za kuogesha ng'ombe zina kitu kinaitwa amitrazi. Ng'ombe haimsumbui. Kwa farasi na punda inasimamisha utumbo mkubwa, chakula kinakaa palepale kinakauka kama tofali. Watu wa Kigwa sio nyie wa kwanza, mwaka juzi nilikuwa na punda wanne wa mzee mmoja, alikwenda duka la dawa akaeleza vizuri kabisa kuwa anataka dawa ya kupe wa punda, na muuzaji akampa hiyohiyo, kwenye kibandiko imeandikwa kabisa isitumike kwa farasi ila kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza. Tuliokoa wawili. Mpaka leo nikiliona lile duka napandwa na hasira.

Waoshe sasa hivi kwa maji mengi na sabuni ya kawaida mtoe dawa iliyobaki kwenye manyoya, waacheni na maji ya kutosha, msiwape kitu kikavu. Siku nyingine kupe wa punda toeni kwa mkono masikioni na chini ya mkia, au muulizeni daktari dawa za jamii ya pairethroidi zinazofaa punda.

Na kwa kuwa tumegusa sumu, kuna mbili zaidi za jikoni. Chakula cha kuku, kile cha dukani, kinaweza kuwa na dawa ya kuzuia kuhara damu inayoitwa monensini, kuku anapona nayo, farasi na punda inaua moyo, kidogo tu. Gunia la kuku lifungwe mbali. Ya pili ni mahindi na pumba zilizolowa mvua zikaota ukungu. Najua roho inauma kutupa gunia zima, unasema atakula punda. Ukungu ule una sumu inayoyeyusha ubongo wa punda, anakuwa kipofu ghafla, anazunguka duara, anabana paji la uso ukutani anasukuma kama anataka ukuta upite, na anakufa ndani ya siku chache, hakuna dawa. Mwaga hayo mahindi shimoni ufukie.

SWALI: Punda wangu anatoa mate mengi, anashindwa kumeza, nataka kumwingiza mkono nione kama amekwamwa na gunzi. (Sikonge)

Usiingize mkono! Kwanza niambie kama aling'atwa na mbwa au fisi miezi iliyopita, kama sauti imebadilika, kama anajing'ata. Kichaa cha mbwa kwa punda kinaanza hivihivi, watu wanafikiri amekwamwa, wanamfungua mdomo, mate yanawaingia kwenye michubuko ya vidole. Mfungie peke yake, piga simu kwa afisa mifugo. Kama umeshamgusa mate, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kisha nenda kituo cha afya leo hiihii ukaanze sindano, maana ugonjwa ukishaanza kwa mtu haurudi nyuma. Kama ni gunzi kweli utaona chakula na maji vinarudi kupitia puani, na daktari ndo atakitoa kwa mpira, wewe mwondolee chakula tu.

SWALI: Kuna watu wanapita kijijini wananunua punda wazee kwa bei nzuri, wanataka ngozi. Niuze?

Hapana. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, na sisi Tanzania tulishafunga machinjio ya punda kabla ya hapo. Ngozi inachemshwa kutoa gundi ya dawa inayotumika China, na punda anazaa polepole, waliisha vijijini mpaka wizi ukaanza. Anayekuja usiku na lori hana kibali, na ukimuuzia punda mzee leo, kesho atarudi kumchukua punda mchanga bila kulipa. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji.

SWALI: Shikamoo, mimi ni mwanafunzi, punda wetu ana mimba na baba anasema itachukua miezi 9 kama mtu. Ni kweli?

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuuliza. Punda anabeba mimba kama miezi 12, anaweza kuzaa kwenye wa 11 na anaweza kufika hata 14 na mtoto akatoka mzima. Kwa hiyo mwambie baba asiogope miezi 9 ikipita. Miezi 3 ya mwisho apunguziwe mkokoteni, na asiachwe hata siku moja bila kula, kwa sababu ile niliyomweleza mama wa Ipuli. Ukiona chuchu zimejaa na kwenye ncha kumekauka kitu kama nta ya mshumaa, ni siku chache zimebaki, asifungwe kamba usiku. Akianza kusukuma mtoto anatakiwa atoke ndani ya nusu saa, ikizidi hapo muamshe baba apige simu. Mtoto asimame ndani ya saa moja au mbili na awe amenyonya ndani ya saa 2 mpaka 3, yale maziwa ya kwanza ndo kinga yake yote, hana nyingine. Andika tarehe aliyopandwa kwa mkaa ukutani pale zizini, ili mwakani mtu asikisie.